Honi Iliyolitoa Kanisa Nje

Chekeni mapema tuyamalize, maana yule baba aliyelitoa kanisa zima la kigango chetu nje, siku ya komunyo ya kwanza ya mwanawe mwenyewe, ni mimi.

Huku kwetu Kibaoni mpunga ukianza kuiva tembo nao wanatoka hifadhini, na mwenye trekta akiwaona anabonyeza honi bila kuachia, watu wote wanakuja na madebe kuwafukuza. Sasa honi ya trekta langu ilikuwa na mafua, inakoroma tu. Asubuhi ile mama Sesilia alitangulia kanisani na binti (gauni jeupe, shela, soksi mpya), akaniambia nifunge mlango niwafuate. Mlango nilifunga. Lakini mimi kukiacha kitu kibovu siwezi, mikono inaniwasha, nikajiambia niuguse tu waya wa honi mara moja, na suti yangu hivyo hivyo. Kufungua betri kwanza? Niliona kazi ya bure, vifungio vina kutu, na trekta si limezimwa!

Kumbe honi ile inapata umeme hata ukizima. Nimemenya waya kwa kisu, mara nasikia kwaya imeanza, nikavuta kwa pupa, ukapenya ndani ya usukani ukagusa chuma, na honi ikalia kwa sauti ambayo haijawahi kuwa nayo tangu nilinunue lile trekta. Nazungusha ufunguo, wapi. Navuta waya, unazidi kuzama. Nikakimbilia betri na spana, na kwa kiherehere changu nikaanza na upande wa chanya badala ya hasi, spana ikagusa bodi, cheche zikaruka, spana ikanipita sikioni, mkono wa koti ukashika moto nikauzima kwa tope. Honi bado inalia. Sitawaficha, niliogopa betri itanipasukia usoni.

Nilipofanikiwa kuchomoa ule wa hasi, kimya kilikuwa kibaya kuliko kelele. Nageuka, kigango chote kimenizunguka, wanakwaya na ngoma zao, na Sesilia na mshumaa wake, tope mpaka magotini.

“Tembo wako wapi?” akauliza katekista.

Nikawaambia hakuna tembo. Nikajaribu kueleza habari za waya, nikaishia njiani, maana mama Sesilia alikuwa ananiangalia, na nilikumbuka kwamba padri ana misa kigango kingine, akiondoka harudi mpaka baada ya mavuno, na mtoto amesoma mafundisho miaka miwili. Hapo nilitimua mbio. Nilimkuta padri amesimama altareni peke yake, nikapiga magoti na koti langu linalonuka moshi, nikamwomba asiondoke, watoto hawana kosa.

Aliangalia saa, akaniangalia mimi. “Waite wote, mrudi. Na wewe ukae benchi la mbele, nikuone.”

Sesilia alipokea komunyo na tope lake. Nililia, nasema kweli, na waliokuwa nyuma yangu walidhani ni ibada.

Tangu siku hiyo hata nikibadilisha taa tu nachomoa hasi kwanza, halafu ndipo naanza kufikiri. Jioni ile nilimwomba binti msamaha. Alimaliza soda yake, ndipo akaniuliza:

“Baba, siku ya harusi yangu trekta utalipeleka wapi?”