Lugha Iliyorudi kwa Julien Kambale

Jumanne ya tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Julien Kambale aliangusha kikombe cha chai. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na maisha yake yote alileta maharage Goma kutoka Butembo. Mkewe, Cibalonza, alidhani kikombe kimemuunguza. Kisha akaona upande wa kulia wa mdomo umeteremka, na mkono wa kulia unaning'inia.

Walikuwa wameoana miaka thelathini na moja. Mume Mnande wa Butembo, mke Mshi wa upande wa Bukavu. Katika nyumba yao karibu na ziwa la Lac Vert walizungumza Kiswahili tu. Hata binti yao Rosine hakujifunza lugha ya baba wala ya mama.

Wa kwanza kufika alikuwa Katungu, dada wa Julien. Akamtazama kaka yake, akasema hii ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo hapa kwetu inaogopwa kuliko homa yoyote. Hakusema nani ameitia. Haikuhitajika, kwa kuwa chakula cha nyumba ile kilipikwa na mtu mmoja. Cibalonza hakuthubutu kubisha. Wakampeleka kwa mganga upande wa Kibati, na kwa siku mbili Julien alinyweshwa mizizi ya kutapisha.

Alhamisi jioni ndipo walipofika hospitali. Daktari alipima tension, yaani shinikizo la damu, ikawa ishirini na mbili kwa kumi na tatu, juu mno. Alieleza kwamba mshipa wa damu umeziba ndani ya ubongo, upande wa kushoto, unaoongoza mkono wa kulia na maneno. Akauliza kama mgonjwa alikuwa anakunywa vidonge vya tension. Cibalonza akajibu ndiyo, kila siku, yeye mwenyewe ndiye aliyevinunua.

Kwenye korido Katungu akamgeukia. "Kama vidonge alikunywa, hiyo tension ilitoka wapi?"

Wiki ya tatu, Julien akiwa bado hana neno, Cibalonza alishindwa kuvumilia. Akamuuliza mbele ya wifi yake:

"Baba Rosine, mimi nilikupa sumu?"

Julien akamtazama, akatikisa kichwa kukubali. Katungu akafunga kitenge chake vizuri, akatoka kwenda kuwapigia simu ndugu wa Butembo.

Buhendwa, anayewafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, alimweleza Cibalonza kwamba baada ya ugonjwa huu ndiyo na hapana hubadilishana nafasi, mgonjwa akakubali kile anachotaka kukataa. Cibalonza alimshukuru, lakini akamwambia kwamba ndugu wa Butembo hawatalikubali hilo likitoka kwake yeye.

Tarehe 22 Aprili maneno yakarudi, nayo yalikuwa ya Kinande. Buhendwa alisema hutokea hivyo: lugha ya utotoni inatangulia, nyingine zinafuata au hazifuati. Kuanzia siku hiyo Julien alisema jambo moja, kila asubuhi, macho yakiwa kwa mkewe. Cibalonza aliuliza anasema nini. Katungu alijibu kwamba anaomba maji. Akaletewa maji, akakisukuma kikombe kwa mkono wa kushoto. Kesho yake ikawa vilevile. Cibalonza aliamini kwamba anashitakiwa kila siku, na kwamba wifi yake anamficha ukweli kwa huruma.

Katika chumba cha mazoezi alikuwemo mama mmoja aitwaye Kahambu, Mnande muuza viazi, mguu wake mmoja ukiwa umelegea kwa ugonjwa uleule. Alikuwa anamtania Buhendwa kwamba kutembea anakojua kunamtosha, sasa amfundishe kucheza muziki. Tarehe 20 Mei Katungu alichelewa. Kahambu akasimama, akashika ukuta.

"Mama Rosine, muzee wako anakuambia kitu kimoja kila siku, na wewe unamuletea maji?"

Cibalonza akasema yeye Kinande hakijui.

"Anasema vidonge aliacha mwenyewe tangu Noeli. Alijisikia muzima, akawa anavitupa kwenye choo. Anasema wasikulaumu."

Cibalonza akaketi chini sakafuni. Katungu alipoingia alimkuta hapo, akamwangalia Kahambu, akaelewa.

"Nilisikia tangu siku ya kwanza," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini kama ni tension, basi zile siku mbili za Kibati ni mimi nilimunyima daktari."

Cibalonza alinyanyuka akamshika Julien upande wa kulia. Katungu akasogea upande wa kushoto, wakamrudisha kitandani.

Tarehe 30 Juni, akiwa ameshatoka hospitali, ugonjwa ulimpiga mara ya pili. Safari hii alifikishwa hospitali chini ya saa moja, lakini alikufa mchana huohuo. Kiswahili hakikuwahi kumrudia.

Kwenye matanga, muzee wa ukoo aliyetoka Butembo aliuliza mbele ya watu ndugu yao ameuawa na nini. Watu wakamwangalia Cibalonza. Katungu akasimama.

"Ni tension. Vidonge aliacha mwenyewe. Aliniambia kwa kinywa chake."

Muzee akauliza kwa nini, basi, ilichukua siku mbili kumfikisha kwa daktari. Katungu akamgeukia Cibalonza.

"Tulianza kwa muganga," Cibalonza akasema. "Tulimupeleka pamoja."

Muzee akasema basi, akauliza jeneza litafika saa ngapi.