Jiko la Kitufe Kimoja

Fundi wa majiko pale jirani na kinu cha nafaka ya teffi hasemi neno kabla hajalipuliza jiko vumbi, na akisema, anasema na skrubu mdomoni. Asnakech alipompelekea jiko lake jipya la injera, ule mkate mwembamba wenye vitundu kama macho, jiko lenye kitufe kimoja na moto mmoja tu, akitaka aweze kuupunguza na kuuongeza, fundi alilipindua, akalipapasa tumbo kwa kidole gumba, akasonya. "Wamelifunga kwa gundi! Mama, umeuziwa nyumba, funguo wamebaki nazo wao." Akalibandua, akatoboa, akatia swichi ya kuzungusha yenye ngazi saba. "Sasa jiko ni lako. Moto wako, nani akupangie?"

Jumanne Asnakech alirudi nalo kifuani, amevimba kwa hasira. Uani kwao wapangaji ni watano na jiko ni hilo hilo. "Huyu anazungusha, yule anazungusha! Jana injera imeungua, leo imetoka mbichi, haina jicho hata moja. Fundi, nimechoka! Niwekee moto mmoja!" Fundi alitema skrubu kiganjani, moja baada ya nyingine. Akaiweka swichi kwenye nne, akafikiri, akaisogeza tano. Kisha, bila kumtazama usoni, akavuta droo, akatoa gundi.