Jiwe Kwenye Mzani wa Kliniki

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kidole changu cha mguu nacho kinaikumbuka. Nilikuwa na mimba ya kaka yako mkubwa, miezi saba, hapa hapa Soitsambu. Msomi mimi, kidato cha nne, ingawa safari yangu ndefu mpaka leo ni kutoka jikoni hadi zizini.

Mama mkwe wangu, tuliyemwita Yeyo, alinipunguzia chakula kama ilivyo desturi yetu: uji mwepesi, maziwa yaliyotiwa maji, ili mtoto awe mdogo atoke bila taabu. Nesi wa kliniki naye, kila mwezi: "Mama, huongezeki! Kula!" Nikakwama kati ya wakubwa wawili. Basi akili ya kidato cha nne ikafanya kazi: nikafunga jiwe ndani ya shuka, nikapanda mzani.

Nesi akafurahi. Mimi nikafurahi zaidi. Niliposhuka, jiwe likaniangukia kidoleni.

"Hee! Umeshajifungua?" akauliza mjamzito mmoja.

Wenzangu kwenye benchi walicheka hadi watoto wakaamka. Nesi hakucheka. "Mzani hauna kosa, binti. Unamdanganya nani, mimi au huyo wa tumboni?"

Nikalia, nikamweleza: dada yake Yeyo alifia njiani akiwa na uchungu wa kuzaa, mtoto mkubwa, hospitali mbali. "Sasa mwanamke wa huku kwetu aongezeke kiasi gani, asife yeye wala mtoto?"

Nesi akalisogeza jiwe kando. "Kula, hilo nalijua. Lakini swali lako hilo, sijaona aliyekuja kutuuliza."

Nilianza kula nimechelewa. Kaka yako akazaliwa kiganja tu. Leo anainama kuingia mlangoni, sawa, lakini wiki zile nilisikiliza kila pumzi yake. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi nilificha, nikazaa kwa hofu.

Na sasa wewe una mimba, na watafiti wanakuita Karatu, kina mama mchague utafiti wa uzito wa mjamzito uanze na swali lipi. Mchague ninyi! Kwa furaha nimeunguza ugali. Halafu unasema utakaa kimya, waongee wataalamu? Thubutu!

Nenda ukaulize swali langu, kisha la kwako. Usiseme la kumpendeza nesi wala mkwe, sema linalokutisha. Na huendi peke yako. Nimeshauliza basi linaondoka saa ngapi, mimi huyu wa jikoni!

Mungu akufungulie kinywa kwanza, kisha nyonga, akupe mtoto mzito kuliko jiwe la mama yako.