Majina Yaliyobaki Kwenye Simu ya Baba

Tangazo lilisomwa kanisani Jumapili: Jumamosi inayofuata gari lingefika Kayanga kukusanya simu mbovu, redio na kompyuta zisizofaa tena. Kila mtu atoe laini na kadi ya kumbukumbu, afute vilivyo vyake, na betri iliyovimba asiitoboe, ailete peke yake kwenye kopo lenye mchanga mkavu. Maagizo hayo niliyaandika kwenye karatasi, nikayasahau mpaka Ijumaa.

Nafundisha shule ya msingi hapa Bugene. Ijumaa hiyo nilirudi na madaftari ya kusahihisha, miguu inauma, nikavuta boksi chini ya kitanda nikitamani mtu mwingine anifanyie kazi hiyo. Ndani yake mlikuwa na kompyuta yangu ya enzi za chuo, redio isiyo na antena, na simu mbili. Kompyuta haikuwaka, basi nikatafuta bisibisi nikaitoa diski, maana ndani yake kulikuwa na barua zangu na picha za marehemu mama. Simu yangu ya zamani betri ilikuwa imevimba mpaka mfuniko umefunguka wenyewe. Niliitoa taratibu kwa kucha, nikaifukia mchangani.

Ikabaki simu ya baba, ya vitufe. Baba alihamia kwangu kutoka Kihanga mama alipofariki. Alikuwa amekaa barazani akichambua maharage.

"Hiyo usiifute," alisema.

"Baba, kioo kimepasuka. Na mpya nilishakununulia."

"Mpya haina watu."

Sikumwelewa. Nikamwambia laini ni ile ile, niliihamisha mwenyewe. Akaendelea kuchambua maharage.

"Laini ni ile ile. Watu hawamo. Kuna wewe peke yako."

Niliichukua ile mpya nikafungua orodha. Kweli, kulikuwa na jina moja, la kwangu. Majina mengine yote yalikuwa yamehifadhiwa kwenye simu ya zamani, si kwenye laini, na mimi siku ile nilikuwa na haraka, sikuangalia. Ilikuwa imepita miezi saba. Miezi saba baba alikuwa hajampigia mtu yeyote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuona umechoka," alijibu. "Kila siku unarudi umechoka."

Niliweka simu ya zamani kwenye chaji na kukaa chini karibu naye. Ilipowaka, nilimsomea majina kwa sauti huku nikiyanakili kwenye daftari. Baba hajui kusoma. Watu wake aliwajua kwa kuhesabu mibonyezo. Fundi wa baiskeli alikuwa wa tatu. Jirani wa Kihanga, wa tano. Dada yake aliyeolewa Murongo, kule Kyerwa, alikuwa wa kumi na moja. Wawili kati ya wale niliowasoma walikwishafariki. Aliniambia niwaruke, kisha akabadilisha mawazo, akasema niwaandike tu.

Nilipiga namba ya Murongo kwa simu mpya, nikamwekea sikioni. Ililia muda mrefu. Kisha nikasikia shangazi akipaza sauti kwa Kinyarwanda, lugha yao ya nyumbani, na baba akaanza kucheka na kufuta macho kwa mkono wenye vumbi la maharage. Shangazi simu yake iliibiwa mnadani. Alipopata nyingine aliirudisha namba yake, lakini ya kaka yake hakuikumbuka. Akakaa akidhani baba amemkasirikia kwa kutofika arobaini ya mama. Baba naye, kwa ukimya wa dada yake, alidhani amemchoka.

Wakaongea mpaka salio likaisha. Mimi sikusogea. Nilikuwa na aibu, na pia, kusema kweli, nilikuwa na usingizi.

Niliyaingiza majina yote kwenye simu mpya kwa mpangilio ule ule, wa kumi na moja akabaki wa kumi na moja. Ndipo nikaifuta ile ya zamani. Baba aliangalia kioo kikizima.

"Sasa nenda nayo," akasema.

Kesho yake bodaboda alinipeleka na boksi mapajani. Gari lilichelewa hadi saa nane. Kijana aliyepokea vitu aliniuliza kama nimefuta kila kitu, nikasema ndiyo, akaitupia simu ya baba kwenye ndoo pamoja na nyingine. Nilirudi kwa miguu, nikalala na viatu miguuni. Nilipoamka baba alikuwa anaongea na mtu simuni, na madaftari yalikuwa bado hayajasahihishwa.