Siku Magazini Ilipozama kwenye Asali ya Mkwe

Jamani, aibu hii nimeificha weee, lakini kwa kuwa nusu ya Tabora wameshasimuliana, bora mnisikie mwenyewe.

Mimi ni mlinzi wa ghala la asali, na bastola niliyokabidhiwa kazini ilikuwa na kitufe cha kutolea magazini, kile kikasha cha risasi, kigumu mpaka kidole gumba kinauma. Afande Kazimoto, msimamizi wangu, alishaniambia niipeleke kwa fundi wa silaha. Nikaona ya nini, wakati pale ghalani nta tunapaka kila kitu, zipu, kufuli, droo, na vyote vinateleza? Nikapaka nta (nyingi, sitawadanganya), kitufe kikalainika, nikajisifu siku nzima.

Kesho yake ukaguzi, na asubuhi hiyohiyo nani kaja kuuza asali kutoka Ulyankulu? Mama yake Leokadia, binti niliyemposa na jibu bado sijapewa! Kwetu mkwe humsogelei, unamwamkia kwa mbali, basi nikasema angalau anione nikiwa kazini, nikajisogeza kidogo karibu na mzani, kifua mbele. Kumbe ile nta imeshika vumbi ikaganda, kitufe kimebonyea hakirudi, yaani magazini haijashikwa na kitu.

"Toa silaha tuione," akasema Afande.

Nikaichomoa kwa mbwembwe, magazini ikaporomoka yenyewe, chubwi, ndani ya ndoo ambayo mama alikuwa ameifunua ili asali yake ionjwe.

Nikapiga hesabu haraka. Nikiiacha kazi sina, nikiifuata lazima nipige magoti mbele ya mkwe, na mke ndiyo basi tena. Nikapiga magoti, nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, huku nasema, "Shikamoo mama" (ndiyo, katika hali ile ile).

"Marahaba, baba," akajibu, uso kauficha kwa kitenge. "Leokadia aliniambia wewe unajua kutunza vitu."

Watu wakaangua kicheko, na Afande akaegemea mzani machozi yakimtoka. Mimi nililia kwelikweli, ila nyumbani, nikiwa peke yangu.

Siku hizi kitufe kikigoma hata kidogo, mguu wangu na njia kwa fundi, nta ibaki kwenye zipu. Leokadia nilimpata, namshukuru Mungu. Lakini mama, mpaka leo, akinisikia napiga hodi, kwanza anafunika vyombo vyote, ndipo anaitikia.