Chozi la Kioo

Kuna watu riziki yao imo kooni, na huyu mwanamke ni mmojawao. Kazi yake ni kuitikia. Mwimbaji akishamaliza maneno yake, yeye na wenzake wawili hujaza "ooh" na "eeh" panapohitajika, na picha ikipigwa wao hawamo. Lakini usimdharau. Ukimtoa mwitikiaji kwenye wimbo, unabaki na mtu anayejisemea peke yake kama aliyepoteza funguo. Majirani walimbandika jina la Mama Kiitikio, na hata hilo analiitikia.

Mumewe ni dereva wa mkubwa mmoja serikalini, na nyumba wanayokaa wamepewa kwa sababu ya kazi hiyo. Miaka yote ya ndoa yao starehe ilikuwa moja. Mume akirudi jioni na kuvua viatu mlangoni, hukuta mke anapiga pasi shati jeupe la kesho.

"Haya baba, leo mkubwa kafanya nini?"

Basi hapo yule mtu ambaye kazini ni bubu kama gurudumu hufunguka ulimi. Alimwiga mkubwa anavyosinzia mdomo wazi, anavyombembeleza mkewe kwenye simu, mpaka kola ikaungua kwa kicheko. Yakisemwa humo, yalibaki humo.

Jioni moja akaja na kisa cha msiba. Walikuwa wanaenda kumpa pole mjane fulani. Njiani mkubwa akatoa kioo kidogo mfukoni, akaanza kujifunza kulia. Akakunja uso hivi, akaukunja vile, kisha akauliza, "Dereva, hapa nimezidisha?" Naye dereva akajibu, macho barabarani, "Hapana mheshimiwa, hapo panatosha." Mama Kiitikio alicheka mpaka akachomoa pasi, asije akaunguza nyumba ya watu.

Sasa nikuletee Ndimu na Pilipili. Hao ni mabinti wawili waimbaji, ndio Mama Kiitikio anaowaitikia, na nyimbo zao zinachezeka vizuri sana. Ni mpaka uchoke, ukae chini, ndipo unapogundua kwamba muda wote huo umekuwa ukiisema serikali kwa kiuno. Albamu yao waliiita *Mtatuzoea*. Wimbo wa kwanza kuachiwa, "Bomba Kavu", ulihoji maji yanakwenda wapi. Wa pili, "Shimo Letu", ulisifia shimo la barabarani lililodumu kuliko viongozi watatu. Redio zikajaribu kuukalia kimya, watoto wakaupeleka wenyewe shuleni.

Studio kwao hakuna aingiaye bure. Kabla ya kurekodi, kila mtu hutoa kiingilio: kisa kimoja cha wakubwa, cha kweli, bila jina. Wenzake Mama Kiitikio walitoa vyao, vikadoda. Yeye, kwa kutotaka kushindwa, na hilo ndilo lililomponza, akaazima cha mumewe. Akakitoa kwa madoido yote, na kioo, na uso, na "hapo panatosha". Pilipili alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ndimu alitulia tuli. Mwenye akili angekiogopa kimya hicho.

Tena waitikiaji hurekodiwa kwanza, kabla ya beti. Hufundishwa kiitikio chao, wakakiimba, wakaenda zao. Siku hiyo kilikuwa "Lia bwana lia, nasi tulie nawe." Mama Kiitikio alidhani ni wimbo wa maombolezo. Akamkumbuka mama yake marehemu, akaumwagia uchungu wote aliokuwa nao.

Wimbo wa tatu ukatoka, "Chozi la Kioo". Aliusikia kwenye redio ya jirani, akiwa anaanika nguo. Kwanza alifurahi kuisikia sauti yake. Kisha ukaja ubeti: *Dereva, hapa nimezidisha? Hapana mheshimiwa, hapo panatosha.* Nguo ikamponyoka mkononi. Ndani ya gari lile walikuwamo watu wawili tu, na mmoja ndiye aliyekuwa analia. Hiyo hesabu hata mtoto wa chekechea angeipiga. Mume angefukuzwa, nyumba ingedaiwa, na aliyewatoa nje angekuwa yeye, tena kwa sauti nzuri.

"Mama Kiitikio!" jirani akaita ng'ambo ya ukuta. "Si wewe huyo? Hongera shoga!"

Akakimbilia studio na kanga ya nyumbani.

"Wanangu, utoeni huo wimbo. Mtaniulia mume."

"Kwenye albamu tunaweza kuutoa, mama," Ndimu akasema, naye uso umembadilika. "Hatukujua kama ni baba wa nyumbani kwako. Ila redioni umeshatoka. Hatuwezi kuufukuzia huko."

"Kwani ni huyo mkubwa peke yake anayelia kwenye kioo?" Pilipili akauliza.

"Anayeendeshwa na mume wangu ni yeye peke yake!"

Wakautoa kwenye albamu, na kadiri ulivyokosekana humo ndivyo watu walivyozidi kuutafuta. Mama Kiitikio akawa halali, hali. Kila gari likipunguza mwendo nje, anakimbilia dirishani kuchungulia. Mume alirudi, akala, akalala, na mke hakuthubutu kuuliza mkubwa kafanya nini. Alijua anapaswa kusema. Kila jioni aliufungua mdomo, ukatoka "ongeza mchuzi?" Mchuma janga hula na wa kwao, na yeye alikuwa anampakulia.

Kisha jioni moja mume akaja, akakaa bila kuvua viatu.

"Leo wimbo wenu umepigwa garini."

Pasi ikasimama juu ya shati.

"Nikanyoosha mkono nizime. Mkubwa akasema, acha, ongeza sauti. Akausikiliza wote. Halafu akacheka, mama, akacheka mpaka machozi yakamtoka, ya kweli safari hii. Akanipiga begani: 'Dereva, wamempata yule jamaa wa ofisi ya jirani! Ndiyo zake hizo!'"

"Hakukushuku?"

"Mimi? Hakukumbuka hata kama nilikuwemo."

Mama Kiitikio akaketi chini, akacheka, akalia, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kazi ipo. Nyumba ipo. Alipoinua uso, mumewe alikuwa hacheki.

"Mimi nilijua tangu kiitikio," akasema taratibu. "Sauti yako ningeijua hata kwenye kelele za mashine ya kusaga. Siku zote hizi nangoja uniambie."

"Baba, nisamehe. Niliogopa."

"Nimeshasamehe."

Na kweli alisamehe. Si mtu wa kinyongo. Akavua viatu, akala, akasifia chakula. Shati likaungua kidogo kwenye kola, akalitundika hivyohivyo.

Kesho yake alirudi saa zake zilezile. Mama Kiitikio alikuwa ameshawasha pasi, na moyo wake mwepesi kuliko siku nyingi.

"Haya baba, leo mkubwa kafanya nini?"

Mume akavua kiatu kimoja, kisha cha pili, akavipanga vizuri mlangoni.

"Kapanda," akasema. "Nimemwendesha. Kashuka."