Appareil Yenye Kukata Batu

Lusenge Malachie wa Kimemi, mu Butembo, ni mutoto wa Mathe Éliakim, yule alipiga photo wakubwa wote waliopita hapa wakati wa Zaïre, na kila mukubwa akatoka macho yamefungwa. Mathe naye alikuwa mutoto wa Sikuli, mwenye alibeba juu ya kichwa sanduku la appareil la padri, kutoka Musienene mpaka Manguredjipa, kupanda na kushuka, na padri hakumupiga hata photo moja. Huo ndio ukoo mutukufu wa photo. Malachie mwenyewe aliwapita wote: kwa miaka mingi hakuna ndoa iliyofungwa mu parokia yao bila yeye kusimama mbele ya altare na kuzibia watu wasimuone bibi arusi.

Appareil yake ilikuwa ndogo, nyeusi, na mukanda ulioshonwa na fundi wa viatu. Ilifanya kazi. Hakuna aliyejua ndani yake muko nini, mpaka Blaise akatoka Beni.

Blaise ana studio kule Beni, na ana kofia. Alishuka Butembo na appareil mupya, akakaa mu buvette na chupa mbele yake, akafundisha hata wale hawakumuuliza. Ndani ya kila appareil, akasema, muko capteur, kipande kama kadirisha chenye kupokea mwangaza. Capteur yake yeye ni nzima, njo banaita plein format. Ya Malachie ni ya kukatwa.

"Ya kukatwa namna gani?" Papa Siméon, muzee wa mutaa, akauliza.

"Banakata pembeni, Papa. Tukisimama fasi moja, mimi naona bote. Yeye anaona ba katikati tu."

Blaise hakusema uongo. Shida ni kwamba alisemea mbele ya Siméon.

Maana kwetu photo ya familia haitundikwi mu salon kwa kupendeza ukuta. Siku watu wanagombana juu ya shamba, photo inateremushwa, inawekwa juu ya meza, na kila mutu anaonyesha kwa kidole fasi alisimama. Mwenye haonekane, aanze kueleza. Kwa hiyo Siméon aliposikia neno kukatwa, hakuwaza kadirisha. Aliwaza mashamba ya ukoo wake kule Musienene. Akatoka mu buvette, akapita nyumba kwa nyumba: Malachie iko na appareil yenye kukata batu mu familia.

Kufika siku ya Mungu, wamama wa korali walikuwa wamekumbuka mengi. Mumoja alikumbuka photo yenye kukosa kiwiko chake. Mwengine akakumbuka kwamba bwana yake alimuacha mara tu baada ya photo ya Malachie. Huyo bwana, mutaa muzima unajua, alikimbia sombe yenye huyo mama alipika. Lakini sasa kosa lilikuwa la capteur.

Yote hayo Malachie angeyacheka, kama haingekuwa jubilé. Mzee Ananie na bibi yake Mama Delphine walikuwa wanafikisha miaka makumi tano ya ndoa, ukoo wote ungeshuka, na photo ile ndiyo ingekaa ukutani mpaka wajukuu wazeeke. Kazi ile ikimupita, parokia nayo ingemupita. Na Siméon, mudogo wa Ananie, ndiye alisimamia sherehe.

"Papa Nadège, hatukuzarau," Siméon alimuambia mulangoni, na sauti ya mutu mwenye anazarau. "Mais siku ile tunataka appareil nzima. Kama hauna, Blaise iko."

Alipoondoka, Kavira, bibi ya Malachie na mama ya Nadège, akaendelea kuchambua maharagi.

"Si unarudiaka tu nyuma kidogo, na batu bote banaingia? Muambie vile."

"Nimuambie Siméon ukweli? Anza wewe, mimi nitafuata."

"Donc unaogopa."

"Siogope. Batu banataka plein, nitabapa plein."

Akaenda Beni. Barabara ile haiendewe kwa matembezi, lakini heshima ya mwanaume ina haraka. Blaise alikubali kumukopesha appareil, kwa sababu ya urafiki na kwa sababu ya mbuzi.

"Chukua boîtier, mwili yake tu," Blaise akasema. "Objectif yangu, ile jicho ya kioo, haitoke Beni."

"Nitatia objectif yangu."

"Yako banaitengenezea capteur ya kukatwa."

"Inaingia ao haiingie?"

"Kwa kuingia, inaingia."

"Basi."

Blaise alikuwa na neno lingine mu kinywa, ila mbuzi ilikuwa imekwisha fungwa nyuma ya nyumba. Akalimeza.

Siku ya jubilé, ukoo ukapangwa mbele ya nyumba ya Ananie, wazee kwa viti, batoto chini. Siméon hakutaka kusongwa katikati na kukunja koti yake mupya. Akajiweka mwisho kabisa wa mustari, mukono wa kuume, na wadogo zake akawatuma mwisho wa kushoto.

"Leo hakuna mambo ya pembeni," akatangaza. "Hii inaona mupaka kwa jirani."

Malachie akaweka jicho. Katikati mulikuwa kweupe, lakini pembe zote ine zilikuwa nyeusi, kama mutu anachungulia mu bomba. Akashangaa kidogo. Halafu akajiambia labda vitu vya bei kali njo vinaonaka vile. Na angeuliza nani? Alikuwa ameeleza Kimemi muzima kwamba plein format ameielewa. Akapiga.

Kwa labo photo ikatoka kubwa, na ukoo wa Ananie ukaonekana kama mu chini ya sufuria. Wazee wawili wanangaa kama watakatifu. Pembeni, usiku. Kwa Siméon kulibaki mukono mumoja wenye saa.

"Papa, hii giza tuikate?" fundi wa labo akauliza.

"Usinitajie hilo neno," Malachie akasema.

Siméon alikuja nyumbani na photo chini ya kwapa. Hakusalimia.

"Niko wapi?"

"Uko mu plein, Papa Siméon."

"Batoto ya kaka banaanza kuulizana ule mwenye saa ni nani. Unaona fasi unanipeleka?"

Kavira akamuletea kiti. Akakaa, na ghafula koti ikawa kubwa juu yake. Mashamba yake yanapakana na ya Ananie, na Ananie hataishi milele. Malachie aliona mutu mwenye woga wa kweli, akaacha kucheza.

"Sikia. Objectif yangu ni ya kadirisha kadogo. Nimeitia kwa dirisha kubwa, mwangaza haufike ku pembe. Kosa ni yangu. Nilijua appareil yangu inatosha, na nikaogopa mudomo yako."

Akachukua ile ndogo. Akasimamisha Siméon mwisho wa ukuta wa matofali, Kavira mwisho mwingine, akarudi nyuma, akarudi tena mpaka akaingia mu mahindi ya jirani. Akapiga, akaja kuonyesha. Siméon akajitafuta. Alikuwepo, na viatu vyote viwili.

"Kumbe inaona bote."

"Inaona bote, kama munaniachia fasi ya kurudi nyuma."

"Basi tutafanya nini na ile ya kaka?"

"Tunapiga ingine. Mimi nitabeba appareil, na wewe utabeba kinywa. Utapita kila mulango kwenye ulipitisha neno lako, uite ukoo wote barudi, na nguo zilezile. Na ku kila mulango utasema wewe mwenyewe: appareil ya Malachie haikatake batu."

"Hata kwa wamama wa korali?"

"Kwa bale njo utaanzia," Malachie akasema. "Wako mu répétition ya nyimbo sasa hivi. Kunywa maji, uende."